Siku Niliyokinunia Kimbunga

Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya friji, gesi inaingia, macho kwenye geji. Mwenye friji ni mzee mmoja wa Mikindani, mvuvi aliyeacha bahari lakini hajaacha kushona nyavu. Alikuwa kakaa kizingitini, mgongo kanipa mimi, uso kaipa ghuba.

"Fundi."

"Naam, mzee."

"Kile kimbunga cha Hidaya. Kilipotuacha kikaenda zake huko Mafia na Kilwa, wewe ulifurahi au ulinuna?"

Nikacheka kile kicheko cha kufunga maneno. Nikasema mzee naye ana maswali. Nikafunga vali, nikapokea changu, nikapanda bodaboda kurudi Mtwara mjini. Dereva alinisemesha njiani, nadhani kuhusu bei ya mafuta. Sikumjibu la maana.

Leo ni wiki ya sita, na sijamaliza kumjibu mzee.

## Penseli

Wenzangu wana Simba na Yanga. Mimi nina vimbunga.

Msimu wangu huchangamka Novemba na kupoa Aprili. Majina hufuata alfabeti, kwa hiyo ukisikia Filipo, kisha Gamane, unajua wa H yuko njiani. Mwaka 2024 wa H alikuwa Hidaya, jina la binti wa nyumba ya tatu kutoka kwako. Mtu ukiwa hujui, ungedhani unaalikwa harusi.

Kazi yenyewe ukiieleza inachekesha. Nina ramani ya bahari, kutoka pwani yetu hadi ng'ambo ya Mauritius, niliyochapisha steshenari kwa karatasi nne na kuziunga kwa gundi. Nina kaunta buku. Nina penseli. Kompyuta kubwa za Ulaya na Marekani hupiga hesabu za anga mara nne kwa siku, ambazo kwa saa zetu ni saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Zile za usiku, za Marekani huanza kutoka nikiwa nakunywa chai. Za Ulaya huchelewa, na mteja wa kwanza hunikuta karakana nimeinamia simu kama mtu anayesubiri muamala. Kauli rasmi kwa kona hii ya Bahari ya Hindi hutoka kituo cha vimbunga cha Réunion: upepo ukifika kilomita 63 kwa saa dhoruba hupewa jina, ukifika 118 ndiyo huitwa kimbunga. Mamlaka ya Hali ya Hewa hapa nyumbani ndiyo hutuambia kinatuhusu au hakituhusu. Mimi naweka kitone. Saa sita zikipita, kitone kingine. Naunganisha.

Halafu kabla sijautazama mstari wao wa kesho na keshokutwa, nachora wangu.

Utamu uko hapo. Na nadhani mzee aliliona hilo kabla yangu.

## Friji lisilo na kompresa

Watu huniuliza fundi friji na vimbunga wapi na wapi. Mbona ni kitu kimoja.

Ndani ya friji, gesi iliyokuwa maji hufuka, na kufuka kunafyonza joto. Ikifika kwenye kondensa inarudi kuwa maji na kulitema joto lile lile. Tia mkono nyuma ya friji lako utalisikia. Sasa ondoa kompresa, weka bahari. Maji yakiwa na nyuzi joto 26 na nusu au zaidi, na joto hilo likawa limezama mita hamsini hivi na si juu juu tu, mvuke hupanda umebeba joto. Huko juu unageuka wingu, unalitema, hewa inazidi kupanda. Chini presha inashuka, upepo unakimbilia kuziba pengo. Ukifika unapewa msokoto na mzunguko wa dunia, kwetu kusini kwa kufuata mshale wa saa, na mashine imewaka.

Msokoto huo ndio siri ya Tanga na Mombasa kulala usingizi mzuri kutuzidi. Karibu na Ikweta, ndani ya nyuzi kama tano, dunia haisokoti hewa vya kutosha. Sisi Mtwara tuko nyuzi kumi na kidogo. Msokoto tunao. Joto la bahari tunalo, hasa mwisho wa kaskazi. Kinachotuokoa mara nyingi ni Madagascar, iliyolala pale mashariki-kusini kama boma, na ile tabia ya vimbunga kupinda kuelekea kusini. Na pia upepo wa juu. Ukienda mbio tofauti na wa chini, kimbunga hukatwa kichwa, kiwiliwili kikabaki kinazagaa.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: kule Atlantiki, Wamarekani hurusha ndege mpaka ndani ya jicho la kimbunga kupima presha. Huku kwetu ndege hizo haziji. Nguvu ya kimbunga hukisiwa kwa kutazama umbo la mawingu kwenye picha za setilaiti, jinsi yalivyojikunja na jinsi jicho lilivyo wazi, kwa kanuni alizozitunga Mmarekani Vernon Dvorak miaka ya 1970. Nilipojua hilo nilijisikia niko nyumbani. Hata mimi kuna mafriji nayajua kwa kuyasikiliza tu.

## Presha ya saa kumi

Nilianza vibaya.

Aprili 2019. Beira, kule Msumbiji, ilikuwa imepigwa na kimbunga Idai mwezi uliotangulia, na picha za watu juu ya mapaa zilikuwa bado zinazunguka kwenye simu. Kisha likaja tangazo la kingine, Kenneth. Shule zikafungwa, ofisi zikafungwa, wakazi wa mabondeni na ufukweni wakaambiwa waelekee kwenye miinuko. Mji wa Mtwara siwezi kusema uliogopa. Ulikuwa unatazamana. Kila mtu alikuwa anangoja kuona jirani anafanya nini.

Simu yangu ya wakati ule ilikuwa na kipima presha ndani. Jumatano tarehe 24, saa nne asubuhi, nikasoma 1012. Nikaendelea na kazi. Saa kumi jioni nikasoma 1009.

Imeshuka tatu! Ndani ya saa sita!

Fundi ninayeishi kwa geji, nikaiamini. Nikaenda feri, nikavuka Msangamkuu, nikamkuta mama mdogo anapepeta mchele. Nikamwambia tunaondoka sasa hivi, kitu kimeshafika, presha inashuka. Akaniuliza presha ya nani. Sikuwa na muda. Nikamfunga na mizigo, kuku tukawaacha, tukavuka tena, tukapanda hadi Naliendele kwa wakwe. Njiani nilikuwa nawaambia watu. Kwenye kivuko niliwaambia. Stendi niliwaambia. Nilikuwa na namba, na mtu mwenye namba husikilizwa.

Saa nne usiku presha ikawa imerudi 1012.

Nilikuja kuelewa baadaye sana, kwa kusoma. Ukanda wetu huu wa joto, anga ina maji kujaa na maji kupwa kama bahari. Presha hupanda mpaka karibu saa nne, ikashuka mpaka karibu saa kumi, mchana na usiku, kila siku ya Mungu, kwa kipimo cha kama tatu hivi. Nilimhamisha mama wa watu kwa sababu anga ilipumua kama inavyopumua siku zote.

Yule mzee wa Mikindani, ambaye siku hizo tulikuwa tunajuana kwa salamu tu, hakuhama. Alimwambia kila aliyepita kwamba mwezi umeshachakaa, maji ni mafu, bahari haina nguvu ya kupanda hadi mlangoni kwake. Nimekuja kuhesabu: mwezi mpevu ulikuwa tarehe 19, kwa hiyo tarehe 25 maji yalikuwa mafu kweli. Kenneth angekuja wiki moja kabla, angekuta bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Kwa upande wa maji mzee alikuwa sahihi. Kwa upande wa upepo, bati lake nimelipanda. Misumari yake naijua. Lakini hilo tuliache.

Kenneth hakuja kwetu. Alhamisi tarehe 25 tulipata mawingu na upepo wa hapa na pale. Akaingilia Cabo Delgado, kama kilomita 200 kusini mwetu, kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Ibo, Macomia, Quissanga. Msumbiji walikufa watu 45. Baadhi ya vijiji vile vilikuwa tayari vimejaa watu wanaokimbia vita.

Ijumaa yake ilikuwa Sikukuu ya Muungano. Msikitini tulimshukuru Mungu kwa kutuepusha. Niliitikia amina pamoja na wengine. Wamakonde wako pande zote mbili za mto Ruvuma, nusu ya safu yangu ilikuwa na ndugu upande ule, na bado ile dua ilitutoka kirahisi.

Mimi ndugu yangu yuko Pemba. Ile ya Msumbiji, si ya Unguja na Pemba. Binti wa mama mkubwa, kaolewa huko zamani. Nilimpigia Jumapili. Akasema wameloa tu.

Mama mdogo alirudi Msangamkuu akakuta kuku wawili hawapo. Kwa miaka miwili kila tulipoonana salamu yake ilikuwa moja: "Mwanangu, kimbunga changu kiko wapi?" Mbele za watu. Mbele za mchumba wangu.

## Kunyamaza kunalipa

Basi nikajifunza kunyamaza.

Aprili 2021 kikaja Jobo. Kilikuwa kinaelekea pwani ya Tanzania moja kwa moja, jambo la nadra, na tahadhari ilitolewa hadi Dar es Salaam. Nilitazama picha za setilaiti usiku kucha. Mawingu yalikuwa yanavutwa upande mmoja, kati kumeachwa wazi kama upara. Nikaandika kwenye kaunta buku: *kinakatwa kichwa, kitakufa kabla ya nchi kavu.* Sikumwambia mtu. Na kweli, kilipoikaribia pwani kilikuwa kimebaki jina.

Nikajiwekea alama ya vema kwa wino mwekundu.

Nimeitazama ile vema juzi. Nimeichora kubwa, kama mwalimu anayempenda mwanafunzi.

## Kilwa

Mwanzoni mwa Mei 2024. Mvua za msimu kwetu huwa zinaaga wakati huo, kusi inaanza kujitafuta, bahari bado ina joto. Wazee huita tanga mbili, kipindi ambacho upepo haujaamua. Nikipanga tarehe, karibu kila kitu kilichowahi kutugusa kimeangukia hapo: kimbunga cha Unguja kilichong'oa mikarafuu kilikuwa 15 Aprili 1872. Kimbunga cha Lindi, 15 Aprili 1952. Tarehe ile ile, miaka themanini baadaye. Kenneth Aprili, Jobo Aprili.

Na sasa Hidaya, na safari hii mashine ilikuwa inawaka vizuri. Kimbunga chenye nguvu kama hizo ni nadra mbele ya pwani yetu. Nilichora mstari wangu Alhamisi usiku. Penseli ilitoka baharini, ikapinda kidogo, ikagonga nchi kavu Lindi. Nikaandika pembeni: *Lindi mjini au Mchinga. Mtwara upepo mkubwa.* Nikavuta mstari chini yake mara mbili.

Nilifanya mambo ya maana pia, nisijisingizie. Nilifunga bati la karakana kwa waya. Nilichaji taa. Nilimpigia mama mdogo, nikamwambia kama mtu anayepita njia kwamba huenda kukawa na upepo. Akasema, "Presha inasemaje?" Tukaishia hapo.

Ijumaa usiku mvua ilianza, na upepo wa kupiga milango. Nilikuwa macho. Sikuwa na hofu. Hapa naomba nisipindishe: nilikuwa na hali ile ya mtoto anayesikia ngoma za mwali zinakaribia mtaa wao.

Jumamosi tarehe 4, kitone cha asubuhi kikawa kaskazini ya mstari wangu. Kilichofuata, kaskazini zaidi. Kikafika Mafia, kimeshapungua nguvu, kikafia hapo hapo.

Niliweka penseli chini. Mke wangu aliuliza kama kimepita. Nikasema kimepita. Akasema Alhamdulillahi. Nikatoka nje nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mvua inanyesha nyembamba, na kilichokuwa moyoni mwangu, mzee, ukiwa utasomewa haya, ni kununa.

Nilinuna kama shabiki.

Kimekosea, nilisema. Kana kwamba mstari wa kweli ni wangu na kile ndicho kilichopotea njia.

Ila si hilo lililonishika wiki zote hizi. Kununa ni dakika kumi. Kuna lililofuata. Kimbunga kilikuwa kimekufa, nimeandika *MWISHO* kwenye kaunta buku, nimefunga. Na maji ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kazi. Mvua iliyomwagwa Kilwa ikashuka na mito, barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika vipande vipande, Somanga na kwingineko. Mabasi yakalala njiani na watu wake. Waliokuwa na haraka walizunguka Songea. Mimi mwenyewe nilikuwa na kompresa mbili kwenye basi mojawapo, za mteja wa samaki pale Feri, na samaki wake wakaharibika. Alinilalamikia wiki nzima. Nilimwambia ni kimbunga. Akanitazama.

"Si ulisema kimekosa?"

Nilikuwa nimesema hivyo kweli. Kwenye ramani yangu, kitone kina upana wa ncha ya penseli. Sijui niliwezaje kukiangalia miaka mitano bila kukumbuka kwamba wingu lake lingeweza kufunika kutoka hapa mpaka Rufiji.

## Jumatano

Sasa nifike ninapokwepa.

Desemba ya mwaka ule ule kilikuja Chido. Kama ungeniambia nichague kimbunga cha kumfundishia mtoto, ningechagua hicho. Kidogo, kimejikusanya, jicho limetoboka kama tundu la sindano. Kikapita Agalega, vile visiwa vidogo vya Mauritius, kikapita karibu na ncha ya kaskazini ya Madagascar. Hesabu za Ulaya na za Marekani zilikuwa zinakubaliana, jambo ambalo ni kama kusikia Simba na Yanga wamekubaliana penalti.

Jumatano nilichora mstari wangu. Kisiwa cha Mayotte, kisha Msumbiji, kusini kidogo ya Pemba.

Jumamosi tarehe 14 kikaikanyaga Mayotte kwa mikupuo ya upepo iliyozidi kilomita 220 kwa saa. Wenyeji hawajapata kuona kitu kama kile kwa miaka tisini. Jumapili asubuhi kikaingia Mecúfi. Kusini kidogo ya Pemba.

Mstari wangu na wao ulipishana kwa upana wa kucha.

Nilitia vema. Ndiyo. Nyekundu.

Kisha, mkono bado umeshika kalamu, nikamkumbuka dada.

Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga jioni. Haipatikani. Jumatatu haipatikani. Nikampigia mama mkubwa, hajui kitu. Usiku wa Jumatatu nilizima simu mwenyewe kwa sababu kila nilipoifungua niliiona ramani, na sikutaka tena kuiona ramani.

Jumatano nyingine ndipo laini ikaita. Alipokea kwa sauti ya kawaida kabisa. Bati la sebule limeenda, jiko limeenda, watoto wazima. Walikuwa wamelala kwa jirani mwenye nyumba ya zege, wamebanana watu ishirini na kitu. Umeme bado. Simu kachaji kwenye gari la mtu.

Nikamwambia, nadhani ili kujionyesha kwamba nilikuwa pamoja naye: "Dada, nilikuwa nakifuatilia. Nilikiona kinakuja kwenu."

"Ulikiona lini?"

"Tangu Jumatano iliyopita."

Kimya. Nikasikia watoto nyuma yake.

"Na hukupiga?"

Hakulisema kwa hasira. Ningependa angelisema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza mbona hukuja kwenye ile arusi, labda hukupata kadi.

Nilimwambia nilidhani mmeambiwa. Na walikuwa wameambiwa, matangazo yalipita mtaani. Lakini yeye hakuniuliza kuhusu matangazo.

Nimejitetea sana kichwani. Nimejiambia niliogopa kurudia ya 2019, nikamtoa mtu kwake bure. Kuna ukweli humo. Mama mdogo na kuku wake wamenikaa kooni kuliko nilivyokiri. Ila nikijichunguza vizuri, ile Jumatano sikumfikiria dada nikaamua kutompigia. Sikumfikiria. Pemba kwenye ramani yangu ilikuwa jina la kupimia umbali.

## Friji la mzee

Juzi nilirudi Mikindani. Sikuitwa. Nilisema nimekuja kuangalia kama gesi inavuja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Halivuji. Kaa."

Kahawa ilikuwepo. Nikakaa, nikamwambia nilinuna. Akasema, "Nilijua. Ulikuja hapa wiki ile kuchukua deni lako, ukawa unakiongelea kama mtu aliyekuachia mkopo." Nikamweleza na ya dada. Hayo hakuyajua. Alishona matundu manne au matano ya wavu kabla hajasema.

Akanihadithia ya Lindi, 1952. Yeye alikuwa ananyonya. Anachokijua ni cha mama yake. Nilimsubiri afike kwenye upepo. Nilitaka kujua ulianza kuvuma kutoka upande gani, ukageuka saa ngapi, minazi ililala ikielekea wapi, kwa sababu kutokana na hayo ningeweza kujua jicho lilipita kusini au kaskazini ya nyumba yao, na nilikuwa nimeshatoa penseli, Mungu anisamehe, nimeitoa mfukoni. Hakufika huko. Kisa cha mama yake kilikuwa cha mwanamke jirani aliyekuja usiku, akagonga mpaka akafunguliwa, akambeba mtoto mmoja mwenyewe. Mzee anajua jina la yule mwanamke, la mumewe, na mahali kaburi lake lilipo. Kuhusu upepo alisema, "Ulikuwa mkali."

Nikauliza minazi je.

"Fundi," alisema, "mimi nilikuwa mgongoni."

Tukanywa kahawa. Aliniuliza kama mwaka huu kuna kitu. Nilimwambia kwa sasa bahari inapoa, tuonane Novemba. Akasema friji lake linatoa mlio usiku. Nikalisikiliza. Ni mguu mmoja wa nyuma umelegea, nikautia kipande cha mpira wa tairi.

Karakana yangu ina ukuta mmoja uliopigwa chokaa. Ramani iko hapo, nimeipachika upya wiki hii, na pembeni yake nimeandika namba za simu kwa maka peni, kila moja mkabala na mahali pake: Msangamkuu, Msimbati, Lindi, Somanga, Mafia, Pemba, Nampula. Ya Somanga ni ya konda wa lile basi lililolala na kompresa zangu. Ilinibidi nimwombe msamaha kwanza kwa niliyomwambia siku ile. Ya Mafia nimepewa na mteja, ni ya mjomba wake, sijawahi kuongea naye, sijui nitaanzaje. Mama mdogo nilimjaribu jana jioni. Aliuliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu, najaribu namba.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa kumi, mama."

"Basi presha imeshuka," akasema, akakata.